Mashine ya Boti Husomwa kwa Maji

Ukienda Kilifi, Watamu au Shimoni kukagua boti ya kuvulia sulisuli na nduaro, mwombe mwenye boti jambo moja kabla hujafunga safari: mashine zisiwashwe mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja juu ya silinda. Ikiwa zina moto, kuna aliyekutangulia, na alikuwa na sababu yake. Rudi kesho asubuhi. Mashine iliyolala usiku kucha haifichi kitu: utaona inavyokubali kuwaka, utaona moshi wake wa kwanza, utasikia mlio wake kabla oili haijapata joto.

Nimeishi miaka mingi na mashine hizi zinazofungwa nyuma ya boti, zile za stroki mbili zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, na hizi za stroki nne zilizozifuata. Ninachokiamini ni kwamba matunzo yake, karibu yote, ni habari ya maji. Kuna maji ambayo sharti yaingie na yatoke, kuna yasiyotakiwa kuingia kabisa, na kuna yanayobaki ndani boti ikishapumzika. Fundi anayeijua habari hiyo utamtambua hata kama spana zake zimechakaa. Asiyeijua atakupakia rangi.

Rangi mpya kwenye mguu wa mashine hunitia wasiwasi, hasa ikiwa imefunika zinki. Zinki ziliwekwa pale ili ziliwe na maji ya chumvi, alumini ya mashine isalimike. Ukizipaka rangi umezizuia kufanya kazi. Zinki iliyoliwa nusu ni dalili njema, inangoja kubadilishwa tu. Ya kuitilia shaka ni ile iliyokaa mwaka mzima baharini ikabaki kama ilivyotoka dukani. Huenda haikugusana vizuri na mashine, na kilicholiwa muda wote huo ni mashine yenyewe. Fungua pia bolti moja iliyo wazi. Ikitoka kwa ulaini, na nyuzi zake zina grisi, basi aliyeifunga alimfikiria atakayeifungua. Bolti ya chuma cha pua ikikazwa kavu ndani ya alumini, chumvi huishikamanisha humo, na siku ya kuitoa itakatika.

Sasa washa, mashine ikiwa ndani ya pipa la maji baridi. Tazama kijitundu cha pembeni kinachotema maji. Mkondo utoke kwa nguvu na usikatikekatike. Ukiwa mwembamba, usikimbilie kulaumu pampu. Chokonoa kwanza kwa waya mwembamba, maana nyigu wa udongo hupenda kujenga humo boti ikiwa nchi kavu. Hata hivyo mkondo mzuri nao usikulaze usingizi. Unaonyesha kwamba pampu inasukuma. Hauonyeshi kwamba kila njia ya maji ndani ya silinda iko wazi.

Hilo nililijua kwa gharama. Impela, lile gurudumu dogo la mpira ndani ya pampu ya maji, ilivunjika panga moja, na fundi mmoja akaniwekea mpya siku hiyo hiyo. Maji yalitoka vizuri, nikamlipa, nikamshukuru. Wiki mbili baadaye, nje ya mwamba, king'ora cha joto kilianza kulia na ikabidi nirudi na mashine moja. Panga lililovunjika halikuwa limeangukia baharini, lilikuwa limepanda na maji na kukwama juu. Tangu hapo fundi akinitolea impela mbovu, nahesabu mapanga yake. Likikosekana moja, kazi haijaisha mpaka lionekane.

Suala la kuosha ndipo mwenye boti anapojipambanua. Wengi humwagia mashine maji kwa nje, ikang'aa, wakaenda zao kula. Chumvi iliyo ndani haiguswi hivyo. Mashine ikioshwa huku inaunguruma, iachwe mpaka ipate joto lake, kwa sababu thamostati ya mashine nyingi hufunguka kati ya nyuzi 50 na 60 hivi, na kabla haijafunguka, maji baridi hayaingii vizuri kwenye njia za juu. Dakika kumi na tano si nyingi. Baada ya hapo mashine isimamishwe wima ili maji yote yashuke. Boti inayopandishwa nchi kavu kungojea kusi ipite, huku mashine zake zimeinuliwa, hukaa miezi na maji ya chumvi tumboni.

Boti nyingi za uvuvi wa michezo zina mashine mbili, na wengi huona faida yake ni kurudi nyumbani moja ikizima. Kwangu mimi faida kubwa ni kwamba kila moja ni shahidi wa mwenzake. Toa plagi zote, zipange juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake. Rangi ya hudhurungi hafifu ndiyo njema. Nyeusi yenye majimaji ni ya kawaida kwa mashine ya stroki mbili iliyokokota nyambo siku nzima kwa mwendo mdogo. Nyeupe ni hatari, silinda hiyo inaungua. Mgandamizo nao upimwe: silinda zikikaribiana, tofauti isizidi asilimia 10, nimeridhika hata kama namba yenyewe si ya kujivunia. Mashine zote mbili zikiwa na ugonjwa mmoja, acha mashine, angalia tanki. Kinga petroli kutoka chini ya chujio kwa chupa nyeupe, itulie. Maji yatakaa chini yakijitenga.

Daftari la saa nalisoma haraka: oili ya stroki nne ibadilishwe kila saa 100, na mashine mpya baada ya saa 20 za mwanzo. Mguu wa chini ndio siuonei haraka. Vua propela uone kama mshipi wa kuvulia umejisokota kwenye shafti, kwa kuwa ndio unaokata sili na kufungulia maji mlango. Kisha legeza kidogo skrubu ya chini ya giaboksi, mashine ikiwa bado haijawashwa siku hiyo. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yameingia, tone la kwanza litakuwa maji. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa maana yake sili imekufa. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ya skrubu ni wa kawaida; vipande vinavyochoma kidole si vya kawaida.

Halafu nyamaza umtazame fundi akijaza oili mpya. Akiimimina kutoka juu, hewa inabaki ndani. Anayeijua kazi huisukuma kwa pampu ya mkono kutoka tundu la chini, polepole, mpaka ichuruzike tundu la juu bila mapovu. Ataziba la juu kwanza, ndipo achomoe pampu na kuziba la chini, kwa washa mpya zote mbili.