Wimbo wa Nne

Agenda, santuri fupi ya Pet Shop Boys iliyotoka Februari 2019, ina nyimbo nne tu: tatu za kejeli, moja ya majonzi. Neil Tennant na Chris Lowe si watoto wa juzi kwenye vinanda vya umeme. Walikutana London mwaka 1981, katika duka la vifaa vya elektroniki. Tena Tennant aliwahi kuandikia gazeti la Smash Hits, kwa hiyo kalamu anaijua. Sasa mbona zile tatu zinatuhubiria? Wanasiasa wajinga, matajiri, watu wa mitandao ya kijamii, wote wanachapwa, mdundo unaruka, nami nacheka. Halafu basi! Nacheka kwa sababu tangu mwanzo nilikuwa upande wake. Anayesemwa hata haumii, bwana.

The Forgotten Child ni habari nyingine. Mdundo umetulia, mtoto wa kike amepotea wakati nchi imo mashakani, wala hakuna anayenyoshewa kidole. Mwaka huo Uingereza ilikuwa ikivutana juu ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Wimbo hauhitaji kusema hivyo. Hapo kicheko kilinikauka. Huu nimeurudia mara nne. Wale wengine, mara moja moja ilitosha.