Mizani ya Faini: Kuisoma Sura ya Nane

Mshairi akitaja mizani huhesabu silabi, na hakimu akitaja mizani hupima hatia. Ni nadra maana hizo mbili kukutana katika andiko moja. Zinakutana katika Sura ya Nane ya Mwongozo wa Adhabu wa Marekani, iliyoanza kutumika Novemba 1991 ili kuwaelekeza majaji wa shirikisho namna ya kuadhibu mashirika yaliyotiwa hatiani kwa jinai. Mhusika mkuu wa sura hii hana mikono ya kutiwa pingu wala mwili wa kulazwa gerezani, hivyo njia kuu ya kumfikia ni mfuko wake. Na jinsi mkono wa sheria unavyoingia mfukoni humo, hatua kwa hatua, ni ufundi unaodai usomaji wa utulivu.

Hatua ya kwanza ni faini ya msingi, inayochaguliwa miongoni mwa viwango vitatu: kiasi kilichoandikwa katika jedwali la uzito wa makosa, faida aliyoipata mkosaji, au hasara aliyoisababisha kwa kukusudia, kwa kujua au kwa kupuuza hatari aliyoiona. Kinachoshika ni kile kikubwa kuliko vyote. Tazama ujanja wa ulinganishi huo: jedwali linasema kwa tarakimu, lakini faida na hasara zinasema kwa uhusiano, na uhusiano huo hukua wenyewe kadiri kosa linavyokua.

Hatua ya pili ni alama za lawama. Shirika huingia jukwaani likiwa limekwisha kubeba alama 5, kabla hata tabia yake haijasimuliwa. Kiongozi wa ngazi ya juu akishiriki katika kosa au akilifumbia macho, huongezwa alama kwa ngazi ya ukubwa: 1 kwa shirika lenye wafanyakazi 10 au zaidi, hadi 5 kwa lenye 5,000 na kuendelea. Kuzuia uchunguzi huongeza 3. Upande wa pili wa mizani, mpango madhubuti wa kuzingatia sheria hupunguza 3, na aliyejisalimisha mapema, akashirikiana na wapelelezi na kukiri, hupunguziwa 5. Huu ni urari wa karibu kishairi: toba kamili inafuta sawasawa zile 5 za mwanzo. Dosari moja ipo, nayo ni ya umbo: ngazi inakoma kwenye 5,000, hivyo shirika la wafanyakazi 300,000 linasimama kwenye kipago kimoja na lile lililo dogo kwake mara sitini.

Alama zikishajumlishwa hugeuka kizidishi. Zikifika 10 au zaidi, faini ya msingi huzidishwa kwa 2 hadi 4; zikishuka hadi sifuri au chini yake, huzidishwa kwa 0.05 hadi 0.20. Kwa faini ya msingi ya dola milioni 10, mkaidi anakabili kati ya milioni 20 na 40, na aliyetubu kati ya laki 5 na milioni 2. Kutoka ncha hadi ncha ni tofauti ya mara themanini, na yote imejengwa kwa mwenendo. Kwa shirika lililoundwa hasa kwa ajili ya uhalifu, hesabu hii yote inawekwa kando: faini hupangwa itoshe kulinyang'anya mali yake yote halisi. Hiyo ni hukumu ya kifo iliyoandikwa kwa lugha ya mhasibu.

Mwaka 2015 faini hizi zilipandishwa ili kufidia mfumuko wa bei. Kiwango cha chini cha jedwali kilitoka dola 5,000 hadi 8,500, na cha juu kutoka milioni 72.5 hadi milioni 150. Vizidishi havikuguswa, kwa kuwa uwiano hauchakai. Kinachochakaa ni tarakimu. Ushahidi mwingine umo katika Sheria ya Sherman dhidi ya ukiritimba, ambayo ukomo wake wa faini kwa mashirika ulikuwa dola 5,000 mwaka 1890, ukawa 50,000 mwaka 1955, milioni 1 mwaka 1974, milioni 10 mwaka 1990 na milioni 100 mwaka 2004. Ni utenzi wa beti tano wenye sifuri kwa kina chake, na kila ubeti ni ungamo kwamba ule uliotangulia ulikwisha kuzeeka.

Juu ya Sura ya Nane umekaa ukomo wa sheria yenyewe: kwa makosa makubwa ya jinai ambayo sheria yake mahususi haikuweka ukomo mkubwa zaidi, shirika hutozwa hadi dola 500,000, au mara mbili ya faida au hasara iliyotokana na kosa. Ile 500,000 imeganda tangu miaka ya 1980; yale maneno mawili, "mara mbili", yangali na nguvu zake zote. Tangu 2005 Mwongozo humshauri jaji bila kumfunga, lakini umbo lake ndilo bado linalomwonyesha pa kuanzia. Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, ukiletewa pendekezo la kupandisha faini za mashirika, usianze kwa kuhesabu sifuri. Tafuta kwanza kizidishi kilipo. Kama hakimo, pendekezo hilo litarudi mezani likiomba sifuri nyingine.