Kabla Hujasema "Nipe AnyDesk Yako"

Kwenye steshenari za Miembeni, Bukoba, programu za kudhibiti kompyuta kwa mbali huingia kwa mlango mmoja. Printa imegoma, fundi yuko Mwanza, anapiga simu: "Nipe AnyDesk yako." Namba inasomwa, mshale unaanza kutembea wenyewe kwenye skrini, na kila aliyesimama kaunta anaridhika kwamba programu ni nzuri. Mshale kutembea si kipimo. Programu ya VNC iliyobuniwa Cambridge ilikuwa inaliweza hilo tangu miaka ya 1990. Ubora uko kwenye kifaa kinachoongozwa, hasa pale kinapokuwa na shida na hakuna mtu wa kukisaidia.

Anza na kisanduku cha ruhusa. Fundi akitaka kuweka dereva ya printa kwenye Windows, skrini inafifia na mfumo unauliza kama unakubali. Ikiwa programu ya mbali imefunguliwa tu bila kusakinishwa, fundi hapo anabaki gizani: picha imeganda au imekuwa nyeusi.

"Dada, bonyeza Yes hapo."

"Mimi tena? Si wewe ndiye unashika, kaka?"

Programu iliyosakinishwa kama huduma ya mfumo huvuka kisanduku hicho, na hukuonyesha hata ukurasa wa kuingiza nywila kompyuta ikishawaka upya. Ndiyo maana jaribio langu la kwanza ni moja tu: zima na uwashe kompyuta ya mbali, subiri, kisha ujaribu kurudi ndani bila kumpigia mtu simu. Inayoshindwa hapo ni ya kuazima kwa dharura, si ya kujengea kazi.

Remote Desktop ya Microsoft hupita jaribio hilo kwa urahisi na picha yake ni safi. Ila ina mambo yake. Windows Home haipokei wageni wa namna hiyo. Ni lazima iwe Pro au zaidi, na kompyuta mpakato nyingi za madukani huja na Home. Tena ukishaingia, skrini ya dukani inajifunga, kwa hiyo huwezi kumwelekeza binti wa kaunta huku naye akitazama. Na anayefungua mlango wake wa mtandao, namba 3389, moja kwa moja kwenye intaneti amewaita wezi mwenyewe.

Kwenye simu ndiko watu hudanganyika zaidi. Simu inaongoza kompyuta vizuri tu, ingawa kidole kinafunika kile unachotaka kukibonyeza. Kinyume chake ndio mtihani. iPhone ya mteja utaitazama tu. Apple haiachii programu hizi ziiguse, hata ulipie toleo gani. Android inakubali kuongozwa, lakini mara nyingi hudai kiambatisho cha ziada au ruhusa ya ufikivu, na hutofautiana kwa watengenezaji. Ukifungua programu za benki, nyingi zitakuonyesha weusi. Usiihesabu hiyo kuwa kasoro: ni benki imejifunika, na imefanya vyema, maana matapeli wanaojiita huduma kwa wateja hupenda sana kumwambia mtu apakue programu hizi hizi.

Mac nayo, tangu toleo la Catalina la 2019, inataka mtu aliye mbele yake aruhusu skrini kurekodiwa. Bila hiyo utaona picha ya ukutani pasipo dirisha hata moja. Linux inayotumia mfumo wa skrini wa Wayland huwa na ukaidi wa aina hiyo hiyo.

Sasa mtandao. Wengi hupima kwa ukubwa wa bando, na wanakosea. Kinachoua kazi ni ucheleweshaji. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo Miembeni na Muleba zikiwa zote kwenye laini za simu huenda zisifikiane moja kwa moja, na kila kubonyeza kukapitia seva ya kati iliyo Ulaya. Fungua Notepad upande wa pili, andika mstari mzima kwa kasi, macho kwenye skrini. Programu iliyotengenezwa kwa akili hupunguza rangi na ukali wa picha kabla ya kuchelewesha herufi. Rangi zikififia, samehe. Herufi zikija kwa mafungu, ifute.

Hapo hapo Notepad, bonyeza Shift na 2. Ukitaka @ ikatoka alama ya kunukuu, kibodi mbili zimepangwa tofauti, moja ya Uingereza na nyingine ya Marekani. Kwenye nywila, ambako herufi hazionekani, utakataliwa mpaka akaunti ifungwe.

Liko jambo ambalo hakuna programu itakayokutatulia. Kwa miaka mingi Bukoba ilipata umeme kutoka Uganda kupitia Masaka, na mvua za Ziwa Victoria hazina adabu. Umeme ukikatika, kompyuta ya mbali inakufa, na ishara ya kuiamsha haivuki intaneti kama hakuna kifaa kingine dukani kilichobaki macho. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, uiambie ijiwashe umeme ukirudi. Kama haina kioo kilichochomekwa, angalia pia: nyingi hurudi na picha ndogo ya kubana macho.

Kuhusu bei, soma masharti. Toleo la bure la TeamViewer ni la matumizi binafsi. Likishuku biashara, linakukatia kikao katikati ya kazi. Na nywila uliyompa fundi ya kuingia bila kusubiri mtu akubali, ibadilishe akimaliza, kabla hujamlipa.