Jini Ana Masharti: Namna ya Kuipima Hadithi ya Mapenzi na Maajabu

Msomaji wa pwani hana shida na jini. Mwambie kwamba kijana wa Mombasa alikutana usiku wa manane na mwanamke mzuri aliyejitanda buibui, na mwanamke huyo alipoinua nguo aruke dimbwi akaonekana ana kwato za punda. Msomaji atakuuliza tu ilikuwa mtaa gani. Lakini ukimwambia mkasa huo ulitokea mwaka 1910 na kijana alikuwa amebaki na shilingi mbili mfukoni, kitabu kinafungwa. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921. Kijana wa 1910 alihesabu kwa rupia.

Hapo ndipo ninapoanzia kila ninapopewa muswada wa mapenzi yenye majini, mizimu au safari za kurudi nyakati za kale. Ajabu yenyewe tumeshaikubali tangu tulipofungua kitabu. Kinachotufanya tuisadiki au tuitupe ni vitu vidogo vinavyoizunguka: hela, chakula, saa, namna kijana anavyomwamkia mkubwa. Mwandishi akikosea hivyo, hata jini wake anakuwa jini wa karatasi.

Kipimo kingine nimekichukua kwenye ngoma ya pepo. Pepo anapompanda mtu kichwani, fundi hakimbilii kumfukuza. Kwanza anamhoji: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Pepo hutaja kabila lake na haja yake, pengine nguo ya rangi fulani, pengine ubani, pengine pete. Ruhani ana matakwa yake, kibuki ana yake, na aliyezoea ngoma hizo hawachanganyi. Hadithi nzuri inaweza kusimamishwa mbele ya maswali hayo ikajibu. Hadithi mbaya ina jini anayefanya lolote pale mwandishi anapokwama: leo anapenya ukuta, kesho anazuiwa na mlango wa bati, sura ya tatu risasi hazimwingii, sura ya kumi anakufa kwa kisu cha jikoni kwa sababu kurasa zimekwisha.

Chukua jini mahaba, tunayemjua kwa masimulizi ya bibi zetu. Humjia mtu usingizini, humpenda, humwonea wivu, na kila posa ikija huvunjika. Sharti lake ni moja: hataki mshirika. Katika sharti hilo moja riwaya nzima inaweza kuota. Kuna mama anayehesabu posa zilizovunjika. Kuna mchumba aliyeanza kuamka usiku akitokwa na jasho. Kuna shehe anayeitwa kuja kusoma. Na kuna msichana mwenyewe, ambaye hajamwambia mtu yeyote kwamba usiku anausubiri. Huyo msichana ndiye hadithi. Nimesoma miswada mingi iliyomwacha nje, ikajaza kurasa kwa moshi wa ubani na makelele ya mganga, nikasikitika kila mara, kwa sababu siri hiyo moja ingeutia muswada uhai.

Swali la "umetoka wapi" linaweza kubaki bila jibu. Octavia Butler, Mmarekani mweusi, alilinyamazia katika riwaya yake Kindred ya mwaka 1979. Dana, mwanamke mweusi anayeishi California mwaka 1976, anavutwa hadi Maryland ya enzi za utumwa kila Rufus, mtoto wa mwenye shamba, anapokaribia kufa. Naye harudi kwake mpaka aamini kwamba yeye mwenyewe yumo hatarini kufa. Hakuna mashine wala uganga, na Butler haelezi popote nguvu hiyo ni ya nani. Ila sharti halivunji hata mara moja. Baada ya safari mbili msomaji ameshalijua, na tangu hapo kila Rufus anapopatwa na jambo tunashika roho. Tena sharti linabana kotekote: Rufus ni babu wa ukoo wa Dana, asipomwokoa yeye hatazaliwa. Mume wake Kevin, mzungu, anasafiri naye mara moja, kisha anaachwa huko nyuma miaka mitano, na anaporudi ndoa yao imebeba kitu kisichoweza kuwekwa chini. Dana anarudi safari ya mwisho akiwa amepoteza mkono. Kindred haiuzwi kama kitabu cha mapenzi, lakini anayetaka kuandika mapenzi ya kuvuka nyakati aanze nacho, ajifunze bei inavyolipwa.

Bei ndiyo jambo ninalolitafuta kwa bidii zaidi. Audrey Niffenegger, katika riwaya ya mwaka 2003 kuhusu Henry na mkewe Clare, alimpa msafiri wake sharti la aibu: hawezi kubeba chochote. Kila anakofika anafika uchi, kwenye baridi, bila senti, na lazima aibe nguo kabla hajaonwa na polisi. Sharti hilo limemkinga mwandishi na kishawishi kikubwa cha fani hii, yaani kumfanya msafiri awe bwana mkubwa anayeshuka na simu yake, dawa zake na majibu yote. Mwenye majibu yote hana haja ya kupendwa.

Wanaoanza huuliza wazo la hadithi linapatikana wapi. Mara nyingi linapatikana mahali pa kawaida mno. Diana Gabaldon alikuwa msomi wa chuo kikuu Marekani, alikuwa hajawahi kukanyaga Uskoti, alipotazama kipindi cha zamani cha televisheni cha Doctor Who akamwona kijana wa Kiskoti aliyevaa sketi ya kwao. Akaanza kuandika ili ajifunze kuandika. Kitabu kikatoka mwaka 1991 kwa jina la Outlander: Claire, aliyekuwa muuguzi katika Vita vya Pili vya Dunia, anagusa jiwe la kale na kujikuta mwaka 1743. Nalisifu hasa jambo moja. Claire anapokutana mara ya kwanza na Jamie, kijana huyo bega lake limeteguka, na wenzake wanataka kulirudisha kwa nguvu, jambo ambalo lingevunja mkono. Claire anasogea, analirudisha yeye. Mapenzi yao yameanzia kwenye mikono inayofanya kazi iliyoizoea. Mwandishi angeweza kutuambia kwamba macho yao yalikutana na nyoyo zikadunda, nasi tungesahau kabla ya kugeuza ukurasa.

Richard Matheson naye alianzia kwenye picha ya mwigizaji wa jukwaani wa zamani, ikampa riwaya ya mwaka 1975 ambayo baadaye, mwaka 1980, ikawa filamu ya Somewhere in Time. Mwanamume anampenda mwanamke aliye pichani, anajilaza na kujisadikisha kwamba yuko katika enzi yake, mpaka anaamka humo. Kwenye filamu amevaa suti ya kizamani na ana furaha yake yote mkononi. Anaingiza mkono mfukoni, anatoa sarafu. Imeandikwa 1979. Basi, anapotea mbele ya macho ya mpenzi wake. Sarafu hiyo ni kazi ya fundi, kwa sababu kilichomfikisha huko kilikuwa imani, na kitu kidogo kama ukucha wa kidole gumba kimetosha kuivunja.

Sisi tuna mapicha na mawe mengi kuliko tunavyoyatumia. Nenda kwenye magofu ya Gede, karibu na Watamu. Mji ule una msikiti mkuu, jumba la mfalme, na kaburi lenye tarehe ya Hijria inayolingana na mwaka 1399. Mtaalamu James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na nyumba zikaitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: kuna nyumba ya kauri, nyumba ya shanga ya Venisi, nyumba ya mkasi. Simama hapo kwenye nyumba ya mkasi. Nani alikuwa anakata nini, na kwa ajili ya nani? Mtu anayehama kwa hiari hubeba mkasi wake, maana chuma kilikuwa ghali. Sasa mlete mshonaji wa leo kutoka Malindi, anayejua kwa kidole tu kitambaa kimekatwa na mtu wa mkono wa kushoto. Bado hujaandika neno, na tayari una watu wawili wa ufundi mmoja waliotenganishwa na miaka mia sita. Wenyeji wanasema magofu yale yanalindwa na mizimu ya wazee, basi hata mlinzi wa mlango unaye.

Hata saa ya kupitia tumepewa. Kwa hesabu yetu ya zamani siku huanza jua linapozama: Alhamisi ikishaingia magharibi, umo katika usiku wa Ijumaa. Ni saa ile ile watoto huitwa ndani na wakubwa hukataza kufagia nje. Mtu akivuka kizingiti kati ya adhana na giza amevuka tarehe, bila mashine yoyote. Nashangaa waandishi wetu wanapokwenda kuazima radi na vioo vinavyong'aa.

Ukishampeleka mtu huko, mtazame anakula nini. Kilwa ya mwaka 1331, aliyofika Ibn Battuta, haikuwa na ugali wa mahindi, wala muhogo, wala nyanya, wala pilipili hoho. Vyote hivyo asili yake ni Amerika na vilikuja baada ya Wareno. Unguja ya enzi hiyo hainukii karafuu, kwani mashamba ya karafuu ni ya karne ya 19. Msichana wa mwaka 1850 hawezi kumpasha mpenzi wake ujumbe kwa jina la kanga. Kanga zilienea karne hiyo inamalizika, na majina yakaja baadaye. Barua yake, kama anajua kuandika, iko kwa herufi za Kiarabu. Na Kiswahili cha shuleni kilianza kusanifiwa mwaka 1930, kwa hiyo mtu wa Lamu ya kale anayeongea kama mtangazaji wa redio anatutoa nje ya hadithi. Usimwandike Kiamu kitupu ukatupoteza. Mpe ndia badala ya njia, mato badala ya macho, ndoo badala ya njoo, kisha mwache msafiri wetu wa leo, anapoambiwa ndoo, aende kutafuta ya maji. Mpenzi wake akicheka hapo, tumempenda.

Jambo gumu kuliko yote ni ujuzi wa yatakayokuja. Fikiria mwanamke wa leo aliyejikuta Unguja, Jumatano, tarehe 26 Agosti 1896, na kijana anayempenda ni mtumishi katika jumba la Sultani. Sultani Hamad amefariki jana, Khalid bin Barghash ameshika jumba, meli za Waingereza zimetia nanga mbele ya mji. Yeye anajua kwamba kesho saa tatu asubuhi mizinga italia, na kwamba kabla ya saa moja kupita vita vitakuwa vimekwisha, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wameuawa au kujeruhiwa. Muswada dhaifu utasema moyo wake ulijaa hofu kuu kwa siri nzito aliyoibeba. Ningependa kusoma hivi:

"Kesho usiende. Mpeleke bi mkubwa shamba."

"Kuna nini shamba?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana."

Akacheka. "Siku za kwanza za bwana mpya, mimi nisionekane barazani?"

Humo hofu haijatajwa, nayo imeenea. Na tayari kuna suala la haki: anamjua mwenzake mwisho wake, mwenzake hamjui hata jina la mji anakotoka. Mapenzi ya namna hiyo hayako sawa, na mwandishi mwaminifu halifichi hilo. Vivyo hivyo kwa jini. Anayemtia mtu usingizi na kumchukua bila ridhaa yake ni mdhalimu, hata awe mzuri vipi, na hadithi inayoliita hilo penzi imenipoteza. Mpe msichana uwezo wa kusema hapana, kisha tuone jini atafanya nini.

Mwisho nafanya jaribio moja la kikatili. Namtoa jini, nafunga mlango wa wakati, nawafanya wapenzi wawe vijana wawili wa Temeke mwaka huu. Hadithi ikiendelea vilevile, ajabu ilikuwa pambo. Kisha nayatoa mapenzi, nabakiza ajabu. Ikiendelea tena, basi ni hadithi ya vitisho iliyopakwa hina. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, alimrudisha mzimu wa babu kwa mjukuu aliyepotoka. Mtoe babu yule na riwaya inaporomoka yote. Haikuwa riwaya ya mapenzi, lakini mzimu wake una kazi.

Mwenye bibi aliye hai akamkalishe leo amuulize habari za jini mahaba wa mtaani kwao: alimpenda nani, alitaka nini, aliondoka kwa sharti gani. Aandike kwa maneno ya bibi mwenyewe kabla hayajasahaulika. Mimi bado sijasoma riwaya ya Kiswahili inayompeleka mpenzi Gede ya mwaka 1399. Atakayeiandika, naomba nisome.