Injini ya dizeli ipimwe silinda kwa silinda kabla ya kufungwa

Injini ya dizeli iliyotumika, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mara nyingi hununuliwa kwa sikio: muuzaji anaunganisha betri, injini inanguruma, bei inakubaliwa. Ushahidi huo hautoshi. Dizeli huwashwa na joto la hewa iliyobanwa, na silinda moja ikichoka, nyingine huibeba. Tena injini iliyopashwa moto mapema haionyeshi ugumu wa kuwaka wala moshi mweupe wa asubuhi. Kipimo cha kuaminika ni mgandamizo wa kila silinda, hasa tofauti kati ya silinda na silinda.

Chukua Toyota 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, silinda sita. Hewa yake hubanwa zaidi ya mara 22, hivyo geji ya petroli haifai. Geji ya dizeli hufungwa kwenye tundu la hita plagi, mafuta yanakatwa, kisha stata inazungusha. Wapo mafundi wanaosema injini iliyo chini, yenye baridi na betri hafifu, haitoi namba sahihi. Ni kweli, lakini kasoro hizo hushusha silinda zote. Tano zikisoma bar 28 na moja 19, rudia vipimo ukianza na hiyo moja. Ikibaki chini, betri haina kosa. Tafuta valvu isiyokaa vizuri, ringi zilizolika au gasketi ya hedi iliyoungua.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba ringi huganda injini ikikaa muda mrefu bila kazi. Basi iwashwe ikiwa bado chini, ipate moto, ipimwe upya. Isimiminwe oili ndani ya silinda kama kwenye petroli: chemba ya dizeli ni ndogo, na oili isiyobanika inaweza kupinda konrodi.

Mgandamizo hausemi lolote kuhusu beringi za krenki. Kwa hiyo sampu ifunguliwe. Weusi wa oili si hoja, kwani dizeli huichafua haraka; chembe za chuma zinazong'aa, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ndizo hoja. Kazi hii yote ni nafuu kuliko kushusha injini mara ya pili. Muuzaji akikataa geji ifungwe, mnunuzi asilipe.