Siagi Kabla ya Waridi

Aghalabu mtu anayeanza kujifunza kupamba keki nyumbani kwake hukimbilia maua, kwa kuwa maua ndiyo yaonekanayo na ndiyo yasifiwayo; nayo yakimlegea huulaumu mkono wake, akasema kwamba mkono ni mzito, au kwamba sanaa hii ina wenyewe waliojaaliwa nayo. Nami nilisadiki hivyo kwa miaka mingi, tangu Idi ile niliyopamba keki asubuhi jikoni mwangu Mombasa, nikaifunika kawa kwa fahari, na kabla ya adhana ya alasiri mawaridi yangu yote yakawa yameteremka ubavuni mwa keki kama nta ya mshumaa. Ikanilazimu kungoja hadi mwezi wa Machi uliopita, nilipoketi na binti wa mdogo wangu akiipamba keki ya tabaka mbili ya akidi ya nduguye, katika joto la nyuzi 32, pasi na petali moja kuinama, ndipo nikabaini kwamba kosa langu la zamani halikuwa la mkono kwa maana niliyoidhania.

Alianza na siagi, tena akakaa nayo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Siagi, katika kila sehemu 100, ina mafuta yasiyopungua 80 na maji yasiyozidi 16. Na mafuta hayo si ya namna moja, bali ni mchanganyiko wa mafuta mengi, mengine huyeyuka mapema na mengine huchelewa, hata siagi ikawa huanza kulainika kwenye nyuzi 20 hivi, na ikifika 35 huwa imekwisha kugeuka mafuta matupu. Sasa zingatia hili: vitabu vya upishi tulivyojifunzia wengi wetu huagiza siagi itolewe mapema ikae hadi ipate joto la chumba, nasi tumeitii amri hiyo kwa uaminifu, ilhali walioiandika walikuwa katika nchi za baridi, ambako chumba chenyewe ni cha nyuzi 20. Chumba cha Mombasa mwezi wa Machi kinakaribia ukomo wa siagi. Kwa hiyo keki yangu ya Idi ilikwisha kuharibika tangu saa ile nilipoiacha siagi juu ya meza, kabla sijashika chombo chochote cha kupambia.

Binti yule aliikatakata siagi ikiwa bado baridi, akaiacha nje ya friji dakika kumi tu, kisha akanisogezea bakuli. “Mama mkubwa, hebu bonyeza,” akaniambia. “Kidole kikiacha alama, lakini kikatoka bila kung’aa mafuta, basi hapo ndipo.” Juu ya hayo, gramu 250 za siagi alizichanganya na gramu 250 za mafuta magumu ya mimea, yale ya mkebe, ambayo hustahimili joto kuliko siagi. Sikufichi kwamba ulimi wangu uliikosa ladha ya siagi tupu, na laiti akidi ingekuwa mwezi wa Julai ningemsihi ayapunguze mafuta hayo. Lakini alitia chumvi kidogo, vanila na iliki iliyosagwa laini, na upungufu ule haukudhihiri sana.

Sukari ya aisingi ilikuwa kilo nzima, naye akaichunga mara mbili, jambo ambalo mimi nililihesabu kuwa ni udhia wa bure hadi nilipopiga hesabu. Maji katika joto la kawaida huyeyusha sukari karibu maradufu ya uzani wake. Gramu 250 za siagi zina maji yapatayo gramu 40, nayo hayawezi kuyeyusha zaidi ya gramu 80 za sukari; zilizosalia, zaidi ya gramu 900, hubaki punje kavu zilizoelea ndani ya mafuta, na punje hizo ndizo zinazoipa aisingi uti wa mgongo. Ndiyo maana bonge moja lisilochungwa huja likaziba mdomo wa nozeli katikati ya ua. Ndiyo maana tena maziwa hutiwa kwa kijiko cha chai na si kwa kikombe, kwa kuwa kila tone la maji huondoa punje katika ukavu wake na kuzigeuza shira, na shira huteleza. Hata kule kuipiga kwa mashine kulimtia hadhari, maana msuguano huzaa joto: kila baada ya muda alizima, akaliweka bakuli katika beseni la maji ya barafu, akangoja.

Keki zenyewe zilikuwa zimeokwa jana yake, kila chombo kikiwa kimezungushwa utepe wa kitambaa kilicholowa maji, ili kingo zisiwive mbele ya katikati na kulifanya lile nundu ambalo baadaye huna budi kulikata. Akazipaka tabaka jembamba la kwanza la kunasa makombo, zikaingia frijini nusu saa, ndipo likaja tabaka la pili, likasawazishwa kwa bapa la chuma lililochovywa maji ya moto na kufutwa.

Hatimaye maua. Alitumia nozeli namba 104, kwa hesabu ya nyumba ya Wilton, iliyoasisiwa mwaka 1929 mjini Chicago na Dewey McKinley Wilton. Mdomo wake ni kama tone, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na upande mpana sharti ukae chini, ili petali iwe na mzizi mnene na ukingo mwembamba. Juu ya msumari wenye kichwa kipana alibandika kipande cha karatasi, akasimamisha kitovu mfano wa pia, akakizungushia petali tatu, kisha tano, kisha saba, kila moja ikianzia nyuma ya mwenzake. Na vidole vya mkono wa kushoto ndivyo vilivyofanya kazi ya kuuzungusha msumari, wa kulia ukipanda na kushuka tu. Ubanaji wake ulikuwa wa mtu aliyezoea koni ya hina, kwani yeye huwapaka maharusi, na kubana kwa nguvu moja isiyobadilika tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho ni elimu ile ile. Mwanamke wa pwani aliyechora maua ya hina hana haja ya kuambiwa kwamba ni mgeni katika fani hii.

Lakini mfuko aliujaza theluthi tu, tena alikuwa na mifuko miwili, mmoja mkononi na mmoja frijini, akibadilisha kila baada ya mawaridi matatu. Kiganja cha binadamu kina joto la kuiyeyusha siagi. Mimi siku ile ya Idi niliujaza mfuko hadi shingoni, nikaukumbatia saa nzima. Mkono wangu haukuwa mzito, ulikuwa wa moto.

Rangi ilimpa shida kidogo, kwa sababu siagi ina umanjano wake, na buluu ikiingia humo hutoka kijanikijani. Akaichanganya kwanza na zambarau, kiasi cha ncha ya kijiti, umanjano ukazimika, ndipo buluu ikasimama. Nyekundu aliiacha ingali hafifu, akijua kwamba itakolea yenyewe kwa saa kadhaa. Na keki ilipotoka frijini kwenda ukumbini haikufunguliwa hapo hapo, maana hewa yetu yenye unyevu huacha umande juu ya kitu baridi, na umande huchuruzisha rangi; ilibaki ndani ya boksi lake hadi ubaridi ulipopungua, na maharusi walipoinua kifuniko, kingo za petali zilikuwa bado nyembamba kama zilivyotoka nozelini.