Jicho Lisilo na Kisogo

Kamera ya digrii 360 ina lenzi mbili zilizopeana mgongo, kila moja ikiona zaidi ya nusu duara, na programu huziunganisha picha zake zikawa tufe moja lisilo na pengo. Nchi kavu kazi hiyo ni nyepesi. Ukizama nayo, kila kitu hutegemea umbo la kioo.

Mwanga unapotoka majini na kuingia kwenye hewa iliyo nyuma ya kioo bapa, hupinda. Lenzi iliyozoea kuona digrii 180 hubakiwa na takriban 97 tu. Jumlisha pande zote mbili: hazifiki 200, na kwenye maungio hubaki ukanda mtupu ambao hakuna programu ya kuuziba. Ndiyo maana kamera isiyoingia maji si lazima iwe kamera ya kuzamia. Dawa ni kuba, kioo cha nusu tufe ambacho lenzi imekaa katikati yake hasa. Mwanga hukipiga wima kutoka kila upande, basi haupindi. Mtu akiniuliza anunue ipi, namwambia alitazame kasha kwanza: kuba zake, kisha kina linachohimili. Yapo yanayofika mita 50, nacho kikomo cha mzamiaji wa burudani ni mita 40. Wingi wa pikseli aufikirie baadaye. Na asiisahau ile oringi nyembamba ya kuzibia maji: unywele mmoja ukilala juu yake, kamera imekwisha.

Ninachokistaajabia zaidi ni utulivu wa anayeishika. Mpiga video wa kawaida huchagua upande, kisha akajificha nyuma ya lenzi. Huyu hana nyuma ya kujificha. Kilichobaki mikononi mwake ni mahali pa kuiweka kamera, na namna mwili wake utakavyokaa.

Kwenye Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, kazi huanza kwa kuyasoma maji. Yanapojaa, bahari kuu huingiza maji maangavu kupitia mlango wa Kinasi. Yanapokupwa hutoka na mchanga na tope la mikoko. Mzamiaji hodari hushuka yakijaa, jua likiwa juu, na hapendi kwenda chini sana, kwa kuwa wekundu ndio rangi ya kwanza kumezwa na maji, na kufikia mita 10 umefifia mno. Taa hazimsaidii sana: kila aiwashayo huonekana kwenye picha.

Fimbo yake ndefu haionekani, kwa kuwa imesimama kwenye mshono wa lenzi mbili. Mshono huohuo humkata kasa vipande akipita karibu, hivyo mzamiaji huzungusha kiganja polepole ili kasa abaki mbele ya lenzi moja. Hana namna ya kukagua kwenye simu, maana maji humeza mawimbi ya redio ndani ya sentimita chache. Hupanda na kushuka kwa mapafu tu, akivuta hewa taratibu na kuitoa taratibu bila kuizuia hata mara moja, kwani kuzuia pumzi ukiwa na mtungi ni hatari kwa mapafu. Pezi moja likigusa mchanga, vumbi litaonekana, na hakuna ukingo wa picha wa kulifichia.

Mwaka 2012 mradi wa Catlin Seaview Survey ulipiga picha za mzunguko kwenye Great Barrier Reef, Australia, kwa kamera zilizofungwa kwenye skuta ya majini. Miaka minne baadaye joto likayapausha matumbawe mengi ya huko. Picha za namna hiyo humwezesha mtafiti kugeukia upande ambao mzamiaji mwenyewe hakuutazama, akayaona matumbawe yaliyokuwa kisogoni kwake. Natamani Mafia, yenye hifadhi ya bahari tangu 1995, ipate kumbukumbu hizo kwa wingi, mwaka baada ya mwaka, na wazipige vijana wa visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, wanaoujua mkondo wa Kinasi tangu utotoni.